Umeuliza Nani?

Watu wakizeeka hupenda kusifiwa kwa upole wao. Mwalimu wetu wa jiografia hakuwa mpole, na sitamtengenezea upole hapa ili msomaji afurahi. Alikuwa mbishi, mkali, mwepesi wa kuwaka, na nyingi za hasira zake zilikuwa za haki. Mimi nimerithi kidogo ya hasira hizo pamoja na somo lenyewe, maana sasa nami ninalifundisha. Ninaandika haya nikiwa bado nimeudhika, kwa sababu niliyoyaona juu ya lile shamba la kwao mlimani hayajanishuka kooni mpaka leo.

Tulimkuta sekondari, hapo Morogoro mjini, kwenye darasa ambalo madirisha yake yote yanatazama Uluguru. Alikuwa anaingia amevaa tai na mabuti ya mpira, masika na kiangazi, anayafungua madirisha hata kama mvua inatupiga, kisha anaweka kitabu cha kiada mezani na kukiacha kimefungwa kipindi kizima. "Aliyeandika hiki alikuwa mahali pengine," alisema. "Ninyi mko hapa. Mnaona nini?" Tulijibu tunaona milima. Hilo lilimchoma. "Milima! Hata mbuzi anaona milima. Pale penye moshi anaishi nani? Kuni anatoa wapi? Mtoto wake akiugua asubuhi hii, anateremka naye kwa njia ipi?" Hatukujua, na tulikuwa tumezaliwa chini ya moshi huo huo. "Basi kaulizeni," alisema, akakaa kusubiri, kana kwamba tungetoka muda ule ule. Wengine walitoka kweli.

Kalamu yake ilikuwa nyekundu, na kazi yake ilikuwa moja. Pembeni ya majibu yetu aliandika: Umeuliza nani? Hakuandika "jitahidi", hakuandika "vizuri". Tiki alikuwa bahili nayo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona na kalamu. Nilisoma kwake miaka yote ya sekondari na sikupata hata moja. Alama nilipata, mtihani nilifaulu, lakini ile tiki nyekundu kubwa ambayo wenzangu wa madarasa mengine walipewa kila siku, mimi sikuionja.

Kuna siku alituambia tuchore ramani ya eneo kati ya shule na mto. Nilitumia rula. Nikaweka barabara, daraja, msikiti, kanisa, ofisi za serikali, nikapaka rangi mpaka dada zangu wakaja kuangalia. Mwalimu aliinyanyua mbele ya darasa zima. Nilijiandaa kuona haya kwa kusifiwa.

"Ramani safi sana," alisema. "Inaonyesha mji ambao hakuna mtu anayefua nguo."

Darasa lilicheka. Nililia kwa hasira, nikaenda nyumbani, nikamuuliza mama yangu kama kumkomoa mwalimu. Mama aliniambia mawe ya mtoni wanapofulia, na kwa nini hawafulii yale ya chini yake. Akaniambia uchochoro ambao mwanamke hapiti giza likiingia, nyumba ambayo wenyewe wanaruhusu watu wakatishe uani, na kisima ambacho mtaa mzima unakikimbilia bomba likikauka. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye ramani yangu ya rula. Nilichora upya, nikapeleka. Mwalimu aliangalia kwa muda mrefu, akaandika pembeni: Na baba yako? Ndiyo, ni hivyo alivyokuwa. Ukimletea mmoja alitaka wawili.

Alipenda kutukasirikia, lakini alimkasirikia zaidi mtu yeyote aliyezungumzia mahali bila kufika. Mto ukishuka mjini na tope, na mtu akasema redioni kwamba wakulima wa milimani ndio wanaoharibu maji, alikuwa anaizima redio na kuigombeza ikiwa imezimwa. "Amepanda? Amelala huko? Amemuuliza nani?" Mabwawa yakijaa mchanga walaumiwa ni akina mama wenye majembe. Wenye malori ya kuchota mchanga hawatajwi, na wenye kukata mbao wanaitwa wawekezaji. Mwalimu hakudai kwamba mkulima hana kosa. Alidai aulizwe kabla ya kuhukumiwa, na mimi mpaka leo sijaona ni nini kigumu katika dai hilo.

Hapo hapo alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na sitaficha. Kitabu kilisema mmomonyoko wa udongo unazuiwa kwa kukata matuta ya ngazi mlimani. Naye alitufundisha matuta, akatuchorea ngazi zake ubaoni kwa chaki za rangi. Kisha tukapelekwa kwao mlimani kujifunza, na shamba la mama yake halikuwa na ngazi hata moja. Lilikuwa na migomba, karafuu chache, magimbi chini yake, na majani yaliyokatwa yakaachwa yaoze juu ya udongo. Mmoja wetu akauliza matuta yako wapi. Mwalimu alichimba kwa buti lake. Juu palikuwa na udongo mweusi kidogo tu, chini yake mwekundu mtupu.

"Ukikata ngazi hapa unauzika huu mweusi na kuuleta juu huu usiootesha kitu," alisema. "Bibi zenu walilijua hilo, wakaitwa wakaidi."

"Sasa kwenye mtihani tuandike nini, mwalimu?"

"Kwenye mtihani andika matuta. Shambani uliza udongo."

Tulicheka, yeye hakucheka. Nadhani jibu hilo lilimuumiza kila mwaka alipolitoa. Aliyeandika mtihani hakuwahi kufika kwa mama yake, na watoto walihitaji kufaulu.

Tena, mtu huyu aliyeweza kukueleza kila kijito cha Uluguru kinamwaga wapi alikuwa anapotea mjini. Mkewe, nesi mstaafu mwenye maneno yake, alipenda kusimulia siku mumewe alipokwenda kituo cha Msamvu kupanda basi la Iringa kuwahi mazishi, akapanda la Dodoma. Alikaa na mama muuza nyanya, akaanza kumhoji: nyanya za wapi, zinafungwaje, zikioza hasara ya nani. Aliposhtuka yuko Dumila. Mazishi yalimpita. Aliporudi, badala ya kuomba radhi, alisema, "Lakini Dumila sasa ninaijua."

Mkewe huyo huyo ndiye aliyempa dozi yake mwenyewe. Mwalimu alimjengea jiko jipya nyuma ya nyumba, kwa siri, ili amfurahishe. Dirisha akaliweka upande wa mlimani. Jioni, upepo wa mlimani unapoteremka, moshi wote ukawa unarudi ndani na kumkaba mpishi. Na ni yeye aliyetufundisha upepo wa mlima na upepo wa bonde, kwa mishale! Mkewe alitoka na machozi, mwiko mkononi, akamwambia mbele ya wageni, "Mwalimu, jiko hili ulimuuliza nani?" Kuuliza mwalimu alikuwa anajua kuliko sote, ila hakukumbuka daima kwamba na wa nyumbani kwake wanaulizwa.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Kule kwao ardhi hufuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba la ukoo linashikwa na wanawake waliozaliwa humo, kutoka mama hadi binti. Mwanamume analima kwa dada zake au kwa mkewe. Anaweza kupanda mkarafuu ukawa wake kabisa, na udongo unaouotesha ukabaki wa watu wengine. Mwalimu alikuwa anachora shamba moja ubaoni na kutuuliza: udongo wa nani, mti wa nani, njia ya nani, maji ya nani? Majibu yalikuwa manne tofauti, na alifurahi sana tukiyapata. Shamba alilokuwa analichora ni lile la mama yake, ambalo baada ya mama lilishikwa na dada yake mdogo pamoja na mabinti zake. Yeye alikuwa anapanda huko kutoka mjini, anapalilia siku mbili tatu, anakula ndizi za dada yake, anashuka.

Kisha ukaja mradi wa kupima mashamba ili watu wapewe hati. Jambo jema, nani angelipinga? Wapimaji walifika kitongojini siku ya gulio. Wanawake wote walikuwa wameteremka na mikungu yao sokoni. Waliobaki ni wazee, wagonjwa, na mwalimu, aliyekuwa amekuja kumtembelea dada yake na kukaa barazani na tai yake. Vijana wakamsalimia kwa heshima, wakamwonyesha vishikwambi vyao na kifaa kinachosoma mahali ulipo kutoka angani. Mtu aliyefundisha ramani maisha yake yote, kifaa kama hicho anakiona kwa macho! Aliwatembeza mpaka wote kwa furaha, jiwe kwa jiwe, akawaambia lipi linaitwaje na kwa nini. Mwishoni wakamuuliza jina lake kamili. Akawatajia, tena akawasahihisha herufi, akidhani wanaandika jina la aliyewaongoza. Hakuwauliza wanaliandika wapi.

Ramani ilipobandikwa ofisi ya kijiji, shamba la ukoo mzima lilikuwa na mwenyewe mmoja, naye ndiye yeye. Dada yake aliisoma, akampigia simu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaka, kumbe lilikuwa lako." Mwalimu aliponisimulia maneno hayo alishindwa kunitazama.

Niseme nini mimi? Kifaa kile kilijua jiwe liko wapi bila kukosea hatua moja. Wenye kifaa hawakujua kwamba siku ya gulio wanawake hawapo nyumbani, jambo ambalo kila mtoto wa kijiji kile analijua. Wakamwona mwanamume mwenye tai, wakaona wamemaliza. Halafu wanajiita wataalamu wa ardhi! Kwa kidole kimoja juu ya kioo walihamisha shamba kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Maana mwalimu akifa, hati ingekwenda kwa watoto wake, na watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Dada yake na mabinti zake wangeamka siku moja wanalima kwa watu.

Na haikuwa hofu ya bure. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alifurahi aliposikia. Alikuwa tayari amepata mtu wa kununua, aliyetaka kujenga nyumba ya wageni kwa sababu maporomoko ya maji yanaonekana vizuri kutoka pale. "Baba, jina si lako?" alimwambia. "Watu wanatafuta ardhi usiku na mchana, wewe unaikimbia." Mwalimu alimfukuza kwa maneno ambayo siyaandiki. Kisha akaanza kuzunguka maofisini kuomba jina lake litolewe. Kwenye kila meza walicheka. "Mzee, wengine wanakuja hapa kulia waongezewe, wewe unalia upunguziwe?" Walimwambia arudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata aliyemwambia hivyo alikuwa amesafiri. Mtu mzima, mguu unamsumbua, anapandishwa ngazi na kushushwa kwa kosa la wengine, naye ndiye anayechekwa! Nilikuwa namsindikiza mara nyingine, na nilitamani kupindua zile meza.

Mwishowe ukaitishwa mkutano wa kijiji wa kusikiliza malalamiko, kabla hati hazijatolewa. Mwalimu alinipigia. "Wewe binti unafundisha jiografia. Njoo uone inavyofanyika." Nikapanda kwa bodaboda mpaka barabara ilipokwisha, nikamalizia kwa miguu.

Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati ya watoto. Mwalimu alikuwa amekonda, ana fimbo, lakini tai na mabuti vilikuwepo. Afisa ardhi alikuwa kijana msafi, mwenye adabu. Alimwamkia, akamsikiliza, akatoa suluhisho.

"Mzee, jambo lako rahisi. Unasaini hapa kwamba umempa dada yako shamba kama zawadi. Tunabadilisha jina, yamekwisha."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Haya mwalimu, saini tuondoke, mvua ile inakuja." Hata mimi, nakiri, nilitaka asaini. Alikuwa amechoka sana.

"Siwezi kumpa mtu kitu chake mwenyewe," alisema mwalimu.

"Ni karatasi tu, mzee wangu."

"Nikisaini nimempa, nimekubali kwamba nilikuwa nacho. Kesho mwanangu analeta wakili, anasema baba alikuwa mzee, hakujua alichokuwa anagawa. Utakuwepo wewe?"

"Mfumo hauna sehemu ya kusema hukuwahi kumiliki."

"Basi mfumo hauna akili!" Fimbo iligonga sakafu. Akaanza somo: ardhi inafuata nani, mti unafuata nani, kwa nini wapimaji hawapandi mlimani siku ya gulio. Lilikuwa somo zuri, na lilikuwa refu. Mvua ilianza kupiga bati, akapandisha sauti.

Nyuma kabisa, kwenye dawati la mwisho, mwanamke mfupi mwenye kanga kichwani alisimama. Alikuwa dada yake. "Naomba kusema."

"Subiri nimalize," mwalimu akasema bila kugeuka.

"Kaka, tangu asubuhi unalipigania shamba langu. Mimi umeniuliza ninataka nini?"

Nilikumbuka jiko lenye moshi. Mwalimu alivuta dawati la karibu na kukaa. Magoti yake hayakuenea. Afisa naye aliweka kalamu chini. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza aligundua kwamba mtu aliyekuwa anazungumziwa yumo chumbani.

Dada alisema zawadi haitaki. "Zawadi anapewa mgeni. Mimi nimezaliwa pale." Alisema hataki jina lake peke yake, maana naye si wa kudumu. Waandikwe na mabinti zake, na binti wa marehemu dada yao mkubwa; binti huyo ameolewa Dakawa, na kila mwaka akimaliza kupandikiza mpunga anakuja kulima sehemu yake. Alisema mikarafuu ya upande wa juu ni ya mumewe, na isihesabiwe kama yake. Njia ya kwenda kwenye chemchemi ibaki ya wote. Alisema haya taratibu, akinyoosha mkono kana kwamba kuta za darasa hazipo na sote tunaliona shamba. Alipomaliza, wanawake majirani wakasimama mmoja mmoja kuthibitisha.

"Mama," afisa akasema, "wewe unapinga jina lililoandikwa?"

"Napinga."

"Ungekuja mapema! Mlalamikaji akiwa ni mwenye shamba, jina lililokosewa linafutwa. Tatizo tulikuwa tunaletewa malalamiko na huyu aliyeandikwa."

"Ramani nilikuja kuisoma hapo ofisini kwenu. Hakuna aliyeniuliza."

Kwa hiyo njia ilikuwepo siku zote. Ngazi zote alizopandishwa mzee yule, vicheko vyote, na kumbe kilichohitajika ni mtu mmoja amgeukie mwanamke mmoja na kumuuliza swali. Niliwaka. Ninawaka hata sasa ninapoandika.

Afisa alifuta, akaandika majina mapya, akaita kila mmoja athibitishe. Kisha akamgeukia mwalimu, kwa sauti ya chini, kama anayemwonea huruma. "Mzee, lazima nijaze sababu ya kukufuta. Una shamba jingine lolote hapa kijijini?"

"Sina."

"Niandike hivyo? Itasomwa mbele ya watu."

"Andika."

Kijana akaandika, akasimama, akasoma jina la mwalimu kamili, herufi zote sahihi, na baada yake: hana shamba katika kijiji hiki. Watu wakainamisha macho. Kumsomea mzee maneno kama hayo mbele za watu ni kumvua nguo, na mwenyekiti alianza kukohoa ili yapite.

Mwalimu alinyoosha mkono, akaomba karatasi. Aliisoma mwenyewe kuanzia juu, majina ya wanawake wale mmoja mmoja, mpaka mstari wa chini uliokuwa wake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu nyekundu. Pembeni ya mstari ule akapiga tiki, kubwa, ile ile niliyoisubiri kwake miaka yote ya sekondari.

"Mzee!" afisa akaruka. "Huo ni waraka wa ofisi!"

"Najua," alisema mwalimu, akamrudishia. "Lakini safari hii umeuliza."